Mapipa Ambayo Hayakuambiwa

Jambo la kwanza lilikuwa dogo kiasi kwamba mtu mwingine angelifurahia: mapipa hayakupungua.

Divai inapolala ndani ya pipa hupumua, na ikipumua hupungua. Ndivyo ilivyo Bourgogne nzima, nchi ya mizabibu huko Ufaransa, kwa tajiri na kwa maskini. Kila wiki mwenye ghala hushuka na birika, hung'oa vizibo, hujazia kile kilichopotelea hewani, hurudisha vizibo kwa nyundo ya mbao, kisha hupanda kwenda kula. Anselme Chauvenet alikuwa akifanya kazi hiyo katika ghala la chini la kasri la Montrécy tangu alipomwoa mwenye kasri, na mikono yake ilijua, bila yeye kufikiri, kila pipa hunywa kiasi gani. Wiki ile ya mwezi wa Juni alishuka na birika lililojaa, akang'oa kizibo cha kwanza, akakuta divai imefika juu kabisa, imetulia, inang'aa kama jicho lisilopepesa. Pipa la pili vivyo hivyo. Akaenda hivyo mpaka ukuta wa mwisho, akapanda ngazi na birika likiwa zito kama lilivyoshuka.

Alidhani mkewe amemtangulia, akamwuliza mezani. Bertille alisema hakugusa chochote. Kisha akaongeza, bila kuinua macho kwenye sahani, kwamba pengine ni Clémence.

Clémence alikuwa binti yao wa pekee. Walikuwa wamemzika mwezi wa Mei, baada ya trekta kupinduka naye kwenye mteremko ulio nyuma ya mnara.

Anselme aliendelea kula. Mama aliyefiwa husema mengi, na yeye mwenyewe asubuhi ile alikuwa ameandaa vikombe vitatu. Lakini wiki iliyofuata mapipa yalikuwa yamejaa tena, na alipovuta divai kidogo kwa mrija wa kioo na kuionja, aliitema sakafuni. Haikuwa imechacha. Ilikuwa vilevile, bila tofauti yoyote, kama alivyoionja na Clémence siku chache kabla ya msiba, wakati binti alipokunja uso na kusema, "Baba, hii bado ni kijana mkorofi, mwache akue." Haikuwa imekua. Na chini ya harufu ya zabibu kulikuwa na harufu nyingine, ya sufu iliyolowa mvua, majani ya mzabibu yaliyopondwa, na dizeli.

Ubao uliosimamishwa langoni, ambao maneno yake yalipitishwa na kamati tatu na kusahihishwa na ya nne, unasema kwamba kasri la Montrécy lilijengwa na mtawala mmoja aliyeitwa Gui, ili kuona nani anapita barabara ya kusini na kumtoza ushuru. Unasema mnara una kuta nene kuliko urefu wa mtu, kwamba ghala la chini lilichongwa kwenye mwamba juu ya chemchemi ya kale, na kwamba Gui alikwenda kwenye vita vya Msalaba asirudi. Hapo ubao unarukia vigae vya paa, ambavyo vilimgusa zaidi mwanakamati fulani.

Kijiji kina historia yake, isiyopitishwa na kamati yoyote. Inasema habari za kifo cha Gui zilipofika, mkewe Aélis alizipokea kwa heshima, akampa chakula aliyezileta, kisha akashuka ghalani kumngojea mumewe. Akasikika akizungumza naye. Divai ya miaka ile haikukua wala kuchacha, na walipokwenda kumtoa Aélis, majira ya baridi, walimkuta amekaa kati ya mapipa akitabasamu, mwepesi kama kikapu kitupu. Tangu hapo ikawa desturi: mtu wa kasri akifa, kabla jeneza halijatoka nyumbani, mmoja wa damu yake hushuka na nyundo ya vizibo, hugonga kila pipa, na kuliambia nani amekufa. Wasomi waliowahi kupita Montrécy wameipenda sana desturi hiyo, wameipiga picha, wameeleza inawakilisha nini. Watu wa kasri wenyewe hawakuwahi kuuliza inawakilisha nini. Waligonga tu.

Siku ya mazishi ya Clémence, ni Bertille aliyeshuka. Kasri lilikuwa lake, urithi wa baba yake, na mtoto alikuwa wake. Alichukua nyundo, akasema, "Nitayaambia mimi," akakaa huko kitambo, akapanda na macho makavu. Jeneza likatoka. Hakuna aliyemwuliza. Utaanzaje kumwuliza mama swali kama hilo?

Kwa upande wake, Serikali nayo ilikataa kabisa kujua kwamba Clémence amekufa. Kasri likishaandikishwa kuwa jengo la kihistoria, mwenyewe hawezi kubadilisha kitasa bila kuomba, na jibu hufika mlango ukishaoza. Clémence alikuwa ameomba ruhusa ya kuingiza umeme ghalani. Mwezi wa Julai ikaja barua ikimshukuru na kumtaka alete mchoro mwingine. Anselme akajibu kwamba mwombaji amefariki, akaambatanisha cheti. Ofisi ikampa pole, ikaeleza kwamba ombi haliwezi kufutwa ila kwa maandishi ya mwombaji mwenyewe. Anselme alicheka kidogo aliposoma, kicheko kilichomuumiza kifua. Bertille hakucheka. Aliichukua ile barua, akailainisha kwa kiganja, akaisimamisha juu ya kabati la vyombo mahali wanapoweka picha.

"Unaona?" alisema. "Hata Serikali inamngoja."

Wakati huo alikuwa ameanza kushuka kila siku. Mwanzoni ilikuwa baada ya chakula cha mchana, kwa muda wa mtu kunywa kahawa. Baadaye akawa anachukua mkate, sweta, kiti kidogo. Alipanda akiwa na uso wa furaha na mikono ya barafu. Alikuwa akikonda. Gauni lililomkaa vizuri kwenye mazishi sasa lilimning'inia, na Anselme alipomshika bega kitandani alihisi mfupa, na juu ya mfupa, ile harufu ya sufu na dizeli. Alimsihi waende kwa daktari. Daktari alimpa vidonge, na Bertille akavitupia kuku.

Mwezi wa Septemba, kabla tu ya mavuno, idara ya majengo ya kale ilimtuma mtu. Bwana Pontallier alikuwa mwembamba, nadhifu, amebeba kifaa cha kupimia unyevu wa kuta kama padri abebavyo maji ya baraka. Bertille alikuwa amekwenda makaburini, si kwa Clémence bali kumwagilia maua ya wazazi wake, na Anselme alikuwa akiosha mashine ya kukamulia zabibu. Alimwonyesha mgeni ngazi, akamwambia ajihadhari na kichwa chake, akarudi kwenye kazi. Mgeni alikaa chini muda mrefu. Alipanda amefurahi.

"Lazima niwapongeze," alisema. "Binti yenu ni msikivu sana. Vijana wa siku hizi hawana subira na taratibu."

Anselme alifunga maji. "Umezungumza na nani?"

"Na Mademoiselle Clémence, mwombaji. Nimemweleza habari za nyaya, kwamba zisiguse mwamba, kwamba taa ziwe za rangi ya joto. Amekubali kila kitu. Nilishangaa kidogo, maana wenye makasri hawakubali kitu."

"Alikuwa wapi?"

"Nyuma ya safu ya mwisho. Sikumwona vizuri, kiza ni kikubwa, ndiyo maana ya ombi lenu. Kila nilipomulika tochi nilikuta ameshahama." Aliangalia vidole vyake, akavikunja na kuvikunjua. "Nilimpa kalamu asaini, nayo sijarudishiwa. Mikono yake ni baridi mno, Bwana Chauvenet. Mnunulieni glavu."

Anselme alitazama mlango wa ghala.

"Jambo moja tu nilishindwa kumsaidia," mgeni aliendelea, akifunga mkoba. "Aliniuliza kama idara yetu inaweza kumthibitisha kuwa mkaazi wa kudumu. Nikamwambia hilo ni la manispaa."

Gari la Bwana Pontallier lilipokwisha kuteremka kilima, Anselme alikwenda mpaka kwenye mlango wa ghala akasimama juu ya ngazi, akijiambia kwamba mtu yule amechanganya kasri na kasri, kwamba maofisa huzungumza hata na makabati ya mafaili na kuyakuta yana adabu, kwamba kiza na divai changa humlevya asiyezoea, na alikuwa bado akijiambia hayo aliposikia, kutoka chini kabisa, mbali kuliko ukuta wa mwisho ulipo, mtu akiimba kwa kuguna, wimbo usio na maneno ambao Clémence alikuwa akiuguna alipokuwa akiosha vyombo, na wimbo ukawa unapanda, si kwa sauti kuongezeka bali kwa yule aimbaye kusogea, ngazi moja, kisha kituo, kisha ngazi nyingine, mpaka baridi ikamfikia Anselme miguuni kama maji yanavyojaa kwenye viatu, na wimbo ukakatika, na kimya kile kikawa kimya cha mtu aliyesimama karibu sana akimtazama.

Alifunga mlango kwa mgongo wake.

Bertille aliporudi alimkuta amekaa palepale, juani, anatetemeka. Alikaa naye kwenye jiwe la kizingiti.

"Hukuyaambia mapipa," Anselme alisema.

"Nilishindwa." Alizungumza kwa kunong'ona, kana kwamba kuna mtoto amelala nyuma ya mlango. "Niliinua nyundo. Nikafikiri, nikigonga, itakuwa kweli. Nikakaa tu. Kisha akaja, Anselme. Siku ya tatu akaja. Akaniambia, mama, umefanya vizuri."

Katika kijiji cha chini aliishi Fernande Jacquelot, ambaye alikuwa tarishi wa posta mpaka alipostaafu, na ambaye tangu utoto hutibu walioungua kwa kuwapulizia na kusema maneno yasiyosikika. Hospitali ya mjini haimwamini hata kidogo, na humpigia simu mara kwa mara. Anselme alimkuta anabangua kokwa za jozi. Fernande alimwambia akae, asieleze. Harufu alikuwa ameshaisikia Anselme alipofungua mlango.

Kisha alimwambia anachokijua, huku akivunja maganda. Kwamba chini ya Montrécy kuna jini tangu kabla ya kasri, lililokuwa na chemchemi yake na amani yake, na Gui alijenga juu yake bila kuuliza, wakati huo vibali vikiwa havijavumbuliwa. Kwamba jini hilo halina jina lake lenyewe na ndiyo shida yake yote. Mtu akifa na mapipa yasiambiwe, jina lake hubaki halina mwenyewe, na lile huingia ndani ya jina kama mtu anayehamia nyumba iliyoachwa pamoja na vyombo. Kila kitu humo ni chake sasa: sauti, nyimbo, mizaha, siri.

"Basi si yeye," Anselme alisema.

Fernande alitafuta ganda lingine.

"Hilo usiniulize, mwanangu. Mimi natibu moto."

"Na nikiliacha?"

"Litammaliza Bertille. Si kwa ubaya. Lina njaa, naye amekubali kuliwa."

Alimwelekeza. Kwa damu ya kasri Anselme alikuwa mkwe tu, lakini kwa damu ya mtoto alikuwa baba, na hiyo inatosha. Aende mchana, chini kule ni usiku siku zote, lakini atakuwa ametoka kwenye jua, na jua litamkaa mgongoni kwa muda. Agonge kila pipa, ataje jina zima, aseme amekufa. "Useme amekufa," Fernande alirudia. "Usiseme ametutoka. Usiseme amepumzika, wala hatunaye. Maneno hayo yana mlango, na lenyewe linaijua milango. Litakuomba. Litakuomba kama mtoto."

Anselme alitarajia vita na mkewe. Ufunguo wa ghala Bertille aliuvaa shingoni, hata kwenye kuoga. Usiku kucha alipanga maneno, na asubuhi, walipokuwa wakinywa kahawa, aliyasema yote vibaya. Bertille alimsikiliza. Alionekana mzee sana kwenye mwanga ule.

"Wewe una mizabibu," alisema. "Ukiumwa na moyo unakwenda kukata matawi. Mimi nina nini?"

"Una mimi."

Alimtazama kwa upole, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyeleta zawadi isiyofaa. Kisha akavua ufunguo.

"Jana ameniambia nisipande tena," alisema. "Ameniambia majira ya baridi tukae wote huko, mimi na yeye."

"Na wewe unataka?"

"Nataka sana." Aliuweka ufunguo kiganjani mwake, akamkunja vidole juu yake kimoja kimoja. "Ndiyo maana nakupa."

Anselme alishuka kengele ya kanisa ilipokuwa ikigonga adhuhuri. Alikuwa na taa ya mkononi na nyundo. Aligonga pipa la kwanza na sauti yake ikatoka nyembamba: "Clémence Chauvenet amekufa." Mbao zilijibu kwa mlio mzito wa pipa lililojaa, na nyuma ya safu ya mwisho mtu akacheka.

"Baba," sauti ilisema, "unagonga kama unabisha hodi kwa mkwe. Gonga kama mwanamume."

Ilikuwa sauti yake. Ilikuwa dhihaka yake, na namna yake ya kumalizia sentensi kwa pumzi. Anselme aligonga la pili. Sauti ikamwuliza kama amekula. Akagonga la tatu. Ikamwambia amekosea kumimina divai ya mteremko wa mashariki kwenye mapipa ya mbao mpya, ni kazi ya mtu wa haraka, na alikuwa amekosea kweli. Kila alipogonga, pipa lililokuwa nyuma yake lilitoa mguno mdogo, kama mtu aliyeshusha mzigo, na sauti iliyokuwa mbele yake ikarudi nyuma kidogo na kupungua mzaha kidogo, ikaanza kuita badala ya kutania, ikasema kuna baridi, ikasema mama yuko wapi, ikasema nitakuwa mzuri, nitakaa pembeni, hamtanisikia, nitawajazia mapipa tu, na yeye akaendelea kugonga na kusema amekufa, amekufa, neno likimkwaruza koo kila mara kama mara ya kwanza, machozi yakimwingia kinywani, mkono ukiuma mpaka begani, harufu ya dizeli ikizidi mpaka akahisi yuko tena kwenye mteremko wa nyuma ya mnara, magoti kwenye tope, mpaka safu ikaisha na kubaki pipa moja, lililo kwenye kona ambako mwamba unatoa jasho.

Nyuma ya pipa lile kitu kilikuwa kimejikunja. Hakukimulika.

Hakikuomba tena. Kilikuwa kinahema kifupifupi, kama mtu aliyelaliwa na kitu kizito. Kisha kikasema, taratibu, kwa sauti ambayo Anselme aliijua, maana aliwahi kuisikia mara moja tu:

"Baba. Usimwambie mama kwamba naogopa."

Hakuna aliyeyajua maneno hayo. Watu wote, polisi, padri, Bertille, walikuwa wameambiwa na Anselme kwamba Clémence alikufa papo hapo, hakujua hata kilichomgonga. Lakini hakufa papo hapo. Alikuwa amelala chini ya trekta na mkono wake ndani ya mkono wa baba yake, mvua ikinyesha, gari la wagonjwa likiwa bado linatafuta njia kati ya mashamba, na hayo ndiyo aliyoyasema, ya mwisho, na baba yake aliahidi.

Anselme aliweka paji la uso kwenye mbao. Fernande alikuwa amemwonya, siri nazo zimo. Alijikumbusha hilo. Halikumsaidia kitu. Aliingiza mkono nyuma ya pipa, gizani, na vidole vya baridi vikaupokea na kuubana, namna ileile, kwa nguvu ileile ndogo.

Alikaa hivyo. Huko juu kengele ilikuwa imenyamaza zamani.

Kisha, bila kuuachia ule mkono, aliinua nyundo kwa mkono mwingine na kugonga. "Clémence," alisema. "Mwanangu Clémence Chauvenet amekufa."

Vidole vilimbana mara moja zaidi. Halafu ndani ya kiganja chake kukawa na hewa tu, na unyevu, na mwamba.

Bertille alikuwa jikoni, amekaa vilevile, kahawa imepoa mbele yake. Alipomwona mumewe mlangoni alijua, na uso wake ukafanya kile ulichokataa kufanya tangu Mei: ulivunjika. Alilia kwa muda mrefu, kwa sauti kubwa, bila kujificha, na Anselme alimshika mabega yake yenye mifupa mpaka kilio kikapungua kuwa kwikwi, na kwikwi ikawa pumzi.

Ndipo alipouliza, akitazama meza.

"Aliogopa?"

Anselme alivuta kiti, akakaa karibu naye mpaka magoti yao yakagusana.

"Hapana," alisema. "Hata kidogo."